Kuku Wangu wa Mapambo na Kimya Changu

Kuku waliokufa kitongojini kwetu Kakola, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, hawakurogwa. Walikufa kwa ugonjwa wa mdondo, na mdondo huo niliuleta mimi ndani ya boksi la bantamu, kuku wadogo wa mapambo, niliowanunua Mwanza. Nilikuwa wa kwanza kujua, nikanyamaza. Nilipokuwa nimenyamaza, lawama ilimwendea bibi mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nilihamia Kakola kwa kazi ya mkandarasi. Kazi ya chini ya ardhi ni ya zamu, na mtu akipanda juu masikio bado yanavuma. Nilitaka kitu cha kunituliza uani. Kwa rafiki yangu mmoja Mwanza niliona bantamu: wadogo, miguu imevishwa manyoya, wanatembea taratibu. Alikuwa pia na wale wa hariri wenye asili ya China, wenye ngozi nyeusi na vidole vitano mguuni badala ya vinne. Nikaanza kusoma habari zao. Nikajua kwamba mabaharia wa Ulaya waliwafahamu kuku hawa wadogo katika bandari ya Banten, kisiwani Java, na kwamba Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, Sir John Sebright alizalisha aina yenye jina lake kwa ajili ya urembo tu. Nilisoma kila kitu kuhusu manyoya yao. Kuhusu magonjwa sikusoma hata ukurasa mmoja.

Nilipokwenda kuwanunua, muuzaji aliniambia, "Hawa wapole, hata mtoto anawabeba." Neno hilo lilinitosha.

Siku nilipowafikisha, mama wa nyumba ya pili alikuja kuwatazama. Uani kwake kulikuwa na kuchi warefu, vishingo na kidimu mmoja mwenye manyoya yaliyojikunja. Aliwasifu wangu kwa uzuri, kisha akauliza, "Jirani, wamechanjwa hawa?"

Nikamjibu kwamba hawa ni wa mapambo, hawazururi majalalani kama kuku wa kienyeji, hawana haja ya chanjo. Nilimjibu kwa dharau, na yeye aliisikia. Huyu ni mama ambaye mume wake alirudishwa nyumbani mwaka 2017, wakati katazo la kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi lilipofanya Bulyanhulu ipunguze kazi. Uchimbaji wa chini ya ardhi haukuanza tena hadi mwishoni mwa 2020. Miaka yote hiyo mitetea yake ndiyo iliyonunua daftari, sabuni na dawa. Swali lake lilikuwa la mtu anayelinda akiba ya nyumba yake, na mimi nililichukulia kama swali la mshamba.

Bantamu wangu walikuwa wametulia mno. Walisimama pembeni, mabawa yameshuka, macho nusu yamefumba. Nikawaita watoto wa jirani: njooni muone upole. Wakawapakata mmoja mmoja, wakarudi kwao kulisha kuku wa mama zao kwa mikono ileile. Ule niliouita upole ulikuwa ugonjwa. Baadaye walianza kuhema midomo wazi, kinyesi kikawa cha kijani, mmoja akapinda shingo mpaka kichwa kikatazama mgongoni. Walipokufa niliwatupa jalalani, mahali ambapo kuku wa kitongoji kizima huchakura.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa mara ya kwanza katika milipuko ya mwaka 1926, huko Java na pia Newcastle, Uingereza. Ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba. Huenea kwa kinyesi na kamasi, na hubebwa na viatu, mikono, nguo na matenga. Kuku anaweza kuambukizwa na akakaa siku kadhaa bila kuonyesha dalili. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu wote. Mimi niliyajua haya usiku wa kifo cha pili, nilipompigia bwana mifugo mmoja wa wilaya nyingine na kumweleza dalili. Aliutaja ugonjwa bila kusita, akaniambia nizike mizoga, nisitembee uani kwa watu kwa viatu vilevile, na nitoe taarifa.

Mizoga nilikwenda kuifukia gizani. Taarifa sikutoa. Niliogopa kudaiwa fidia, na niliona aibu kwa yule mama niliyemjibu vibaya.

Kuku wakaanza kuanguka, nyumba baada ya nyumba. Watu wakauliza imekuwaje vifo viwe vingi hivi kwa mara moja, na mmoja akasema kuna mkono wa mtu. Kwenye kisima na kwenye karasha la kusaga mawe likaanza kutajwa jina la bibi aliyeishi peke yake. Msomaji wa kanda hii anajua uzito wa maneno hayo, "mkono wa mtu". Shinyanga na Geita tumezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa jikoni. Nililijua hilo kama anavyolijua kila mtu. Nililisikia jina la bibi likitajwa mbele yangu, nikanywa chai yangu nikaondoka.

Nilisema pale tu niliposikia kwamba vijana wanachanga fedha za kumwita mpiga ramli. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaitisha mkutano, na bwana mifugo wa kata akawepo. Nilisimama nikaeleza yote: boksi, watoto, jalala, simu ya usiku. Yule mama alisema sentensi moja, "Ungetuambia mapema, wangu ningewafungia." Hakupaza sauti.

Bibi alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kwa binti yake Kahama. Nilimfuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, ulikuwa unanisikia nikitajwa?"

"Nilikuwa nasikia, bibi."

Hakuniuliza kingine. Hajarudi Kakola, na sina haki ya kumtaka arudi.

Kuku nimewalipa, mtetea kwa mtetea, kwa kila nyumba iliyokubali kupokea. Sasa tunanunua chanjo pamoja, kwa sababu chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja. Ni chanjo ya I-2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa kazi ya Peter Spradbrow, na hapa nchini hutengenezwa Kibaha. Inastahimili joto kuliko zile za zamani, ndiyo maana inafika mpaka vijijini kwetu. Tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kwa kuku mzima. Aliyekwisha kuugua haimponyi. Kuku mgeni, awe wa mapambo au wa kienyeji, anakaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Kutojua kwangu kungeua kuku wangu na pengine wa jirani mmoja. Kunyamaza kwangu kulimaliza kuku wa kitongoji na kumtoa bibi nyumbani kwake. Ukiona ugonjwa uani kwako, sema siku hiyohiyo, kwa jirani wa kwanza utakayekutana naye, hata kama kosa ni lako. Hasa kama kosa ni lako.