Sauti ya Nahodha Jikoni

Fundi aliyenifunza kazi ya redio Mocímboa da Praia, Msumbiji, hakuwa na mashine ya kupimia masafa. Alikuwa na redio ndogo ya FM, na hiyo ilimtosha kujua kama redio ya chombo cha baharini inachafua hewa.

Redio zile za VHF ziliendeshwa kwa kristali. Chaneli 16, ya wito na dharura, iko megahezi 156.8, lakini kristali yake ilitetema kwenye 13.067 tu. Hatua ya kwanza ikazidisha mara tatu, ya pili mara mbili, ya tatu mara mbili tena. Transista ya kuzidisha hulipotosha wimbi kwa makusudi ili harmoniki, yaani mawimbi ya masafa yaliyozidishwa, zizaliwe. Kisha koili na kapasita za kurekebisha huichagua moja na kuzizuia nyingine. Chumvi ya bahari ikiingia kwenye kapasita hizo, uchaguzi unalegea. Harmoniki ya nane inatoroka na kutua 104.5, ndani ya FM, na mke wa nahodha anamsikia mumewe jikoni, kwa mbali.

"Mwanangu, usiguse koili kabla hujamjua mgonjwa," mzee alikuwa akiniambia. Kwanza tulichomoa kristali. Uchafu ukibaki, basi hatua mojawapo inajitetemesha yenyewe: tukague waya wa ardhi na kapasita za umeme. Ukitoweka, ndipo tuzirekebishe koili, moja baada ya nyingine. Mvumo uliposikika redioni, yeye alianzia kwenye betri na dinamo ya injini, na alikuwa sahihi. Kila wimbi linapozidishwa mara mbili, kelele yake ya awamu, yaani kuyumba kwa mtetemo wake, hupanda desibeli 6. Kuzidisha mara kumi na mbili kunaongeza karibu 22. Mtetemeko mdogo kwenye kristali unafika kwenye antena umekuwa ngurumo.

Baadaye zikaja redio za sintesaiza: chaneli zote kwa kristali moja, hazina mengi ya kurekebisha kwa bisibisi. Zikiharibika hubadilishwa bodi nzima. Zina faida kubwa kwa mvuvi, lakini vijana walionijia walijifunza kubadilisha, hawakujifunza kusikiliza, na hilo lilinisikitisha.

Agosti 2020 mji wetu ulitekwa, nikakimbilia Pemba, ile ya Msumbiji. Niliporudi, nyumba nyingi zilikuwa na sola, na mvumo mpya ulijaa redioni. Nikawaita vijana, tukazima chaja za sola nyumba kwa nyumba, huku redio ndogo ya FM iko mkononi.