Pasta wa ushago hana V8

Wasee, kabla mseme nimelipwa na kanisa, wacha nimalize.

Ukitaja pasta hapa Nairobi, watu wanaona suti inang'aa, V8 na mabodigadi. Na baada ya Shakahola, 2023, ambapo zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, siwezi kumwambia mtu anyamaze. Ulizeni maswali.

Lakini kuna pasta mwingine namjua. Ni mjomba wangu, huko Kitui. Kanisa ni la mabati, waumini wengi ni akina shosh. Sadaka ni sarafu na mayai, na mvua ikikubali, ndengu. Mshahara hana, analima kama kila mtu. Mgonjwa akizidiwa usiku, anapigiwa yeye, na pesa ya boda inatoka kwa mfuko wake. Nilipotoka chuo kwa kukosa karo, yeye ndiye alinipigia bila kunihubiria. Akanitumia mia mbili ya bando.

Sasa, mheshimiwa anajua hiyo hesabu vizuri. Anakuja na bahasha, anashika maiki, na mahubiri yanakuwa kampeni. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo alikataa pesa ambazo Rais Ruto alipelekea kanisa Katoliki la Soweto, hapa Nairobi. Tulishangilia sana mtandaoni. Sawa. Lakini jimbo kuu linaweza kurudisha mamilioni na likalala. Mjomba akirudisha bahasha, nani atamlipia hospitali?

Kumwambia akatae pesa ya wanasiasa, na sisi hatutoi kitu, ni mdomo tu. Tunamkumbuka siku ya matanga. Anazika nyanya yetu juani, tunakula, tunapanda matatu kurudi Nairobi.

Angalia hesabu yangu. Kwa mtu asiye na mshahara, kiwango cha chini cha SHA ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,600. Watu 12 wa kijiji kimoja, kila mtu 300 mara moja kwa mwaka, na pasta na familia yake wana bima. Hiyo ni bei ya chipo kuku.

Na tunalipa bima yenyewe, risiti inawekwa kwa grupu, kila mtu anaiona. Kumsaidia pasta si kumwabudu. Akikataa hesabu ziwe wazi, basi tunaachana.

Kwetu tumefika watu saba. Bado watano. Kwenu nani anamlipia wenu, nyinyi ama mheshimiwa?