Feuli za Mto Hamble



Mto Hamble, karibu na Southampton, hauna minazi ya kumliwaza mtu wa pwani. Una milingoti. Imesimama kwa mamia magatini, na upepo ukivuma kamba huigonga usiku kucha. Ng'ambo ya mlango wa bahari kipo Kisiwa cha Wight na mji wake wa Cowes.

Nilikwenda kumtembelea kijana wetu, mjukuu wa nahodha wa Lamu, aliyenunua mashua ya tanga ya miaka ya 1970, urefu wake mita 9. Mkewe alimpa sharti moja: yeye na watoto hawapandi mpaka kila kabati lifungike barabara. Jamaa wengine walimcheka. Mimi naona alikuwa na haki. Mnamo Agosti 1979 mashua 303 ziliondoka Cowes katika mashindano ya Fastnet, zikakumbwa na dhoruba. Washindani 15 walifariki. Uchunguzi uliofuata ulieleza, pamoja na mengine, jinsi betri, majiko na vyombo vilivyong'oka na kurushwa ndani, vikawahatarisha mabaharia.

Kwa hiyo kazi ilianzia chini, ngamani. Mbao zilizooza ziling'olewa, plaiwudi ya baharini ikakatwa, na kingo zake zikapakwa epoksi, kwani maji hupenya ukingoni kwanza. Betri zilifungwa kwa mikanda. Minyororo, nanga ya akiba na makopo ya chakula vikawekwa chini, katikati ya chombo. Makopo hayo hubanduliwa karatasi na kuandikwa kwa rangi, maana karatasi ikilowa huziba pampu. Mtungi wa gesi nao una feuli yake peke yake, yenye tundu la kutokea nje; gesi hii ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama ngamani ikingoja cheche.

Nilipotamka "feuli" kijana aliacha msasa. Neno hilo alilisikia kwa babu yake, wala hakupata kujua maana yake. Miaka yote amekuwa akisema "loka". Kazi ikachelewa kidogo, maana alitaka jina la kila kitu.

Milango ilitobolewa matundu ya hewa, kwani katika baridi ya Uingereza kuta za mashua hutoka jasho na nguo zikaota ukungu. Droo hazivutwi hivi hivi: huinuliwa kwanza kutoka kwenye kizuizi, ili chombo kikilala upande zisifunguke zenyewe. Rafu ya juu, iliyo kavu kuliko zote, ilipigiliwa ukingo mrefu wa mbao. Hapo ndipo ulipo msahafu na misala.

Siku ya ukaguzi mama watoto alivuta komeo moja baada ya jingine. Mawili aliyakataa. Yalibadilishwa Jumamosi, na Jumapili asubuhi wakavuka wote hadi Cowes, watoto wamevaa jaketi za kujiokolea, mdogo wao akiuliza kila dakika iliko feuli ya biskuti.