Kabla ya kuongeza amplifaya sebuleni, mpime mtoto masikio

Sebule nyingi za Karatu mjini siku hizi zina televisheni ukutani na sabufa pembeni. Kwa familia ambayo baba anaendesha watalii, sauti nzuri ni moja ya vitu vya kwanza kununuliwa msimu unapokwenda vizuri.

Kaka yangu ni mmoja wa madereva hao. Mwaka jana, baada ya safari nyingi za kupanda na kushuka Kreta ya Ngorongoro, alinunua amplifaya kubwa ya mtumba, ile nzito isiyo na redio wala bluetooth, kazi yake ikiwa kusukuma spika tu. Alitaka iunganishwe na hom thieta aliyokuwa nayo.

Nilipomuuliza ya nini, alinijibu, “Hii ya zamani haina sauti, mdogo wangu. Hata mtoto analalamika.”

Mtoto anayemsema ni binti yake wa miaka mitano. Wifi yangu aliongeza kwamba kila wakiwasha katuni, binti huchukua rimoti na kupandisha sauti, kisha anasogea hadi karibu agusane na televisheni.

Mimi huandika habari za afya. Maneno hayo yalinikaa kichwani kuliko habari ya amplifaya, lakini fundi alikuwa ameshafika, kwa hiyo tulianza na waya.

Fundi aligeuza hom thieta na kutafuta nyuma tundu zilizoandikwa PRE OUT. Hizo hutoa sauti ikiwa bado ndogo, haijakuzwa, na ndiyo amplifaya inayohitaji. Zikiwepo, kazi ni waya mmoja wenye vichwa vyekundu na vyeupe, kutoka tundu hizo hadi mahali pa kuingizia sauti kwenye amplifaya.

Ya kaka haikuwa nazo. Hom thieta nyingi za bei ya kawaida hazina.

“Watu wengi hapa huchukua waya wa spika na kuuchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya,” fundi alituambia. “Ule umeme umeshakuzwa. Ukiukuza tena unapata makelele, na unaweza kuunguza mashine.” Akaweka kati yake kiboksi kidogo, konvata, kinachoshusha nguvu ya sauti kabla haijaingia.

Akatueleza mengine ambayo mzazi yeyote anayepanga kazi hii ayajue. Spika moja isiunganishwe na mashine mbili kwa wakati mmoja. Namba ya omu iliyoandikwa nyuma ya spika ilingane na ile ambayo amplifaya inakubali, maana spika ndogo za hom thieta mara nyingi huwa na omu chache na zinaweza kuichemsha amplifaya. Mashine zote zichomolewe kwenye umeme kabla ya kugusa waya. Wakati wa kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza, ili spika zisipigwe na mshtuko. Na isifunikwe kitambaa cha kufuma, kwa sababu inahitaji hewa.

Ilipowaka, nyumba ilijaa sauti. Kaka alitabasamu. Binti yake alikuwa amekaa mkekani, hatua mbili kutoka kwenye spika, mgongo ukiwa kwetu. Mama yake akamwita kwa jina, fundi akiwa ameshapunguza sauti. Hakugeuka. Akamwita mara ya pili, hakugeuka. Mara ya tatu akasema, “Eeh?”

Nilimwambia kaka kwamba sidhani kama hom thieta yake ilikuwa na tatizo.

Hakufurahi. Mtu ametumia fedha yake, halafu dada yake anamwambia mtoto hasikii vizuri. “Huyo ni mtundu tu, shangazi yake,” alisema. Lakini wifi alinyamaza, na baadaye jikoni akaniambia kwamba tangu mafua ya mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, mwalimu wa chekechea naye alilalamika kwamba mtoto hafuati maelekezo.

Wiki iliyofuata walimpeleka hospitali. Daktari alimwangalia masikio kwa kifaa chenye taa na kukuta majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Hapakuwa na usaha wala maumivu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Sikio la kati limeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa watoto mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo mafua huuziba kwa urahisi na majimaji hubaki ndani. Mtoto husikia kama mtu aliyezama kwenye maji. Moshi wa kuni au wa sigara ndani ya nyumba huongeza hatari hiyo, na katika nyanda hizi za baridi, kuanzia Karatu hadi vijiji vya Ngorongoro, watoto wengi huota moto karibu na mafiga.

Mara nyingi majimaji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Daktari hakutoa dawa. Aliwapa tarehe ya kurudi, akawaambia wazungumze na mtoto wakimtazama usoni na mwalimu amkalishe mbele. Waliporudi mara ya pili, sikio moja lilikuwa safi. Mwezi wa tatu yote mawili yalikuwa safi.

Sasa fikiria kama amplifaya ile ingekuwa ndiyo tiba. Sikio likishapona, mtoto angebaki na sauti iliyopandishwa kwa ajili ya sikio lililoziba.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto asizidi saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unapungua nusu: desibeli 78 ni saa 20, desibeli 81 ni saa 10. Ukifika desibeli 90, umebakiwa na saa moja na robo kwa wiki nzima, muda wa filamu moja fupi.

Programu za simu za kupima sauti si sahihi kabisa, lakini zinatoa picha. Ipime pale mtoto anapokaa, si kwenye kochi lako. Kama mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane mkiwa mmekaa karibu, hiyo tayari ni kubwa mno kwake.

Katika ripoti yake kuhusu usikivu ya mwaka 2021, shirika hilo lilisema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuilika. Sehemu kubwa ya kinga hiyo huanzia nyumbani, kwa mzazi anayegundua mapema.

Mpeleke mtoto akapimwe kama anapandisha sauti ya televisheni kila mara, anasema “eeh?” mara nyingi, haitiki akiitwa kutoka nyuma, anachelewa kuongea, au sikio linatoa usaha. Usimtie mafuta ya moto, wala pamba za vijiti, wala dawa ya jirani.

Amplifaya ya kaka bado ipo. Fundi alirudi, akaweka kikomo cha sauti kwa kitufe kilicho nyuma ya mashine, akasogeza spika juu ya kabati, na mkeka wa watoto ukahamishiwa upande wa pili wa sebule. Jioni anaporudi kutoka kreta, masikio yakiwa yamechoshwa na injini na redio ya gari, kaka hutamani kuongeza. Anayemzuia siku hizi ni binti yake, anayemwambia, “Baba, punguza, nasikia.”