Kanduyi yahitaji daraja, je, Kitale?

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma ana njia mbili. Aweza kushika barabara ya Webuye moja kwa moja, au akunje kulia pale Kamukuywa apitie Kimilili na Chwele. Njia hii ya pili ndiyo ipendezayo macho. Mlima Elgon unamsindikiza upande wa kulia, na kandokando mna mahindi, migomba na mibuni. Gari huenda bila taabu. Taabu iko kwenye ncha mbili za safari: kutoka Kitale na kuingia Bungoma.

Kitale ni mji wa mahindi. Reli ilifika hapa mwaka 1926, na hapa ndipo yalipo makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956. Barabara kuu ya A1, itokayo Isebania kwenye mpaka wa Tanzania na kupitia Kisumu na Kakamega, hukatiza mjini humu ikielekea Lodwar hadi Sudan Kusini. Msimu wa mavuno ukifika, trekta zenye matela yaliyosheheni magunia hujiunga na matatu, mikokoteni na bodaboda. Hapo hata mwenye baiskeli hujuta kuileta mjini.

Huko Bungoma mambo huanzia Kanduyi. Hapa barabara itokayo Chwele kuingia mjini hukutana na barabara kuu ya Mombasa hadi Malaba. Trela za makontena na malori ya mafuta hupita usiku na mchana kuelekea Uganda, Rwanda na Kongo. Katikati yao mna wanafunzi, akina mama wenye vikapu vya mboga, na vijana wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa katika mpaka wa Busia, si mbali na hapa.

Katika matatu iliyokwama, abiria hawakosi mmoja wa kusema, "Si wajenge barabara ya juu!" Je, daraja hilo litatatua nini hasa?

Daraja la namna hii lina kazi moja: kumwondoa njiani yule asiye na shughuli hapo. Jijini Dar es Salaam, daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, hupitisha magari ya Barabara ya Nyerere juu ya ile ya Mandela. Kisumu nayo ina lake pale Kondele, kwenye barabara ii hii ya A1: anayekwenda mbali hupita juu, mwenye shughuli mtaani huzunguka chini.

Kwa kipimo hicho, Kanduyi inastahili daraja. Dereva wa trela aendaye Kampala hana cha kununua Kanduyi. Serikali ya kaunti ilipanua barabara ya Kanduyi hadi Musikoma, kilomita 6.5 hivi, ikawa ya njia mbili kila upande. Hiyo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini kupanua barabara iingiayo mjini hakumwondoi mpita njia katika makutano.

Kitale ni habari nyingine. Magari mengi yanayosongamana pale yamefika mwisho wa safari: yanatafuta abiria, yanashusha magunia, yanangoja mteja. Ukiyajengea daraja, yatabaki chini yake. Kitale ingefaidi zaidi kwa barabara ya kuzunguka mji kwa ajili ya malori, vituo vya matatu vilivyopangwa, na soko lisilomlazimu mchuuzi kutandaza bidhaa zake barabarani.

Hata Kanduyi, daraja lina gharama isiyoandikwa kwenye hesabu za mkandarasi. Trela yenye mzigo haipandi mlima mkali. Ukitaka kuinua barabara mita 7, kwa mwinuko wa mita 4 katika kila mita 100, utahitaji mita 175 kila upande. Huo ni ukuta wa mita 350 katikati ya soko na mtaa. Mama aliyekuwa akivuka kwa hatua ishirini atazunguka wapi?

Barabara ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, ilitufunza hilo. Mahali ambapo vivukio vya miguu vilikuwa mbali na njia ya watu, watu waliendelea kukimbia mbele ya magari, na baadhi yao hawakufika ng'ambo. Na Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia wachuuzi na abiria kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 waliangamia. Waliokufa wengi walikuwa wakitafuta riziki mahali ambapo gari husimama, kwa maana ndipo mteja alipo.

Penye wengi pana mengi. Kabla mhandisi hajachora nguzo ya kwanza, asimame Kanduyi siku ya soko tangu alfajiri hadi magharibi, ahesabu miguu kama anavyohesabu magurudumu. Pale watu wavukapo leo ndipo kiwekwe kivukio, na soko lipewe uwanja wake mbali na trela. Yakifanyika hayo, daraja litamfaa dereva wa Kampala na mama wa Chwele pia. Yasipofanyika, tutakuwa tumemwondolea dereva foleni na kumwachia mama hatari ile ile.