Mkwea Miamba Akipewa Kuchagua, Achague Sheffield

Kila mwaka masomo yanapokaribia kuanza, hunijia maswali kutoka Nairobi. Mtu amepata nafasi ya chuo au kazi ya uuguzi huku Uingereza, ana miji miwili mitatu ya kuchagua, anataka kujua kodi ya nyumba na ukali wa baridi. Muulizaji akiwa mkwea miamba, jibu langu ni moja: njoo Sheffield.

Magharibi mwa mji, mwendo wa gari usiofika nusu saa, kuna Stanage, ukingo wa mwamba ulionyooka kama kilomita 6, wenye njia za kukwea zaidi ya elfu moja. Kwenda juu si mrefu. Sehemu nyingi hazizidi mita 20, na aliyezoea miamba ya Hell's Gate kule Kenya atauona kama kichuguu. Asidharau. Ni mwamba wa mchanga mgumu, uleule uliochongwa mawe ya kusagia, na baadhi ya mawe hayo yangali yamelala pale chini hadi leo. Unachuna ngozi ya viganja vibaya sana. Tena hushika vizuri zaidi kukiwa na baridi, ndiyo maana utawakuta watu Januari wanapuliza vidole huku wakiisifu hali ya hewa. Wazungu hawa!

Boliti hazipigwi Stanage. Anayetangulia huchomeka vyuma vyake kwenye nyufa na kupitisha kamba, anayefuata huving'oa. Kwa hiyo mgeni aanzie kwenye kumbi za mjini zenye kuta za mazoezi, kama Foundry iliyofunguliwa 1991. Viatu vya kukodi vipo.

Kufika Stanage nako ni rahisi kupita kiasi. Unapanda treni hadi kijiji cha Hathersage, unakwea kilima kwa miguu, umefika. Hakuna lango wala tiketi. Lakini uhuru huo haukushuka kama mvua. Nyika hizi zilikuwa za matajiri kuwindia ndege, na walinzi wao walifukuza watu. Mwaka 1932 vijana wa viwandani, wengi wa Manchester na wengine wa Sheffield, walivamia mlima wa Kinder Scout kwa makusudi. Watano wakafungwa jela. Hifadhi ya Peak District, ambamo Stanage imo, ikaundwa 1951, na sheria ya kumruhusu kila mtu kutembea nyikani ikapitishwa mwaka 2000.

Nyumbani Kenya miamba si haba. Lukenya iko kando ya barabara ya Mombasa, ukishapita Athi River. Hell's Gate, kilomita kama 90 kutoka Nairobi, ina mnara wa Fischer wa mita 25 kwa wanaoanza, na kuta ndefu kwa waliokomaa. Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199, wala hakina mfano Uingereza nzima. Chama cha Mountain Club of Kenya kipo tangu 1949. Ila kijana wa mtaa wa Umoja, Nairobi, atapanda matatu hadi Naivasha, bodaboda hadi lango la Elsa, alipe kiingilio, akodi vifaa; mwisho wa hesabu anaamua huo ni mchezo wa watalii. Sisemi kiingilio kifutwe. Tumbusi wanataga kwenye kuta zile, na wanyama wanahitaji walinzi. Hata Stanage baadhi ya njia hufungwa ndege wakiatamia, na watu hutii. Ninachodai ni wanafunzi wa shule zetu wafikishwe miambani kwa basi la shule, wakute kamba na mwalimu, kama wanavyopelekwa kuogelea.

Nawe unayefunga mizigo, nenda kwanza Lukenya na wanachama wa Mountain Club ukajifunze mafundo na kumshikia mwenzako kamba. Huku hakuna atakayekudai cheti, lakini asiyejua kushika kamba hapati wa kukwea naye.