Ngurumo za Vuli Buwenge
Huko Buwenge, kaskazini mwa Jinja, mvua za vuli huanza Septemba. Joto la mchana hukutana na unyevu wa Ziwa Victoria, na ngurumo husikika kabla jua halijatua. Alasiri moja, mke wa askari aliyekuwa zamu mbali aliacha nguo kambani, akawakimbilia wanawe waliojikinga mvua chini ya mwembe. Mti mrefu ndio upigwao kwanza na radi, lakini mtoto huuona mwavuli. Akawaingiza ndani, mbali na madirisha, huku akiikumbuka shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, ambako tarehe 28 Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18. Nao walikuwa darasani! Akawahesabu wanawe: watatu. Wa nne alikuwa kisimani, na aliyemtuma ni yeye mwenyewe.